Barafu ya ncha na mvua ya Mbeya: namna ya kupima kama vinagusana

Mvua za msimu zikichelewa Nyanda za Juu Kusini, hakosi mtu wa kusema ni barafu ya kaskazini iliyoyeyuka. Mwingine atambishia: ncha ya kaskazini iko karibu kilomita 11,000 kutoka Mbeya, ituhusu nini? Kauli zote mbili zinapimika. Zana ni tatu: beseni la maji, kalamu na karatasi, na data za bure za intaneti. Mwalimu wa jiografia anaweza kuishia kwenye beseni. Afisa ugani au mwanafunzi wa chuo afike mpaka mwisho, ila asiruke hesabu ya kalamu, maana ndiyo inayomwambia anatafuta kitu cha ukubwa gani kabla hajawasha kompyuta.

Ukanda hufuata joto

Katika tropiki hewa hupanda pale penye joto na unyevu mwingi, kwenye ule mstari ambao watabiri wetu huuita ukanda mvua, kaskazi na kusi zinapokutana. Ikifika juu hugawanyika kwenda pande zote mbili, hushuka karibu na latitudo 30, kule kwenye Sahara na Kalahari, kisha hurudi chini kwa chini kuelekea ukanda.

Tawi la juu la mzunguko huo hubeba nishati nyingi zaidi, na la chini hubeba mvuke. Hivyo mzunguko mmoja hupeleka joto upande huu na mvua upande ule. Kizio cha kaskazini, yaani nusu ya dunia iliyo kaskazini mwa ikweta, kikipata joto la ziada, hewa hulihamishia kizio cha kusini kwa kupitia juu. Hewa ya juu ikivuka ikweta kwenda kusini, ya chini haina budi kuvuka kwenda kaskazini, na ukanda mvua huifuata.

Barafu inaingia hapo. Barafu ya bahari yenye theluji hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua. Maji yaliyo wazi hurudisha kama asilimia 6 tu. Barafu ya kaskazini ikipungua, kizio chake hupata joto na ukanda husukumwa kutukimbia. Barafu ya Antaktika ikipungua, kama Februari 2023 iliposhuka hadi kilomita za mraba milioni 1.79, msukumo unageuka kuja kwetu. Kwa hiyo kitu cha kupima ni tofauti ya joto kati ya vizio viwili. Anayechora mstari wa barafu ya kaskazini peke yake ameweka jiwe kwenye sahani moja ya mizani na hakutazama nyingine.

Beseni

Tafuta boksi la plastiki angavu lenye urefu wa sentimita 40 na upana wa 20 hivi. Jaza maji ya kawaida mpaka kina cha sentimita 8. Yataingia lita 6 na kidogo. Gandisha chupa mbili za maji za nusu lita usiku kucha. Andaa pia sinia pana la bati, mawe bapa manne ya unene wa sentimita 2, na punje chache za pamanganeti ya potasiamu kutoka maabara ya shule.

Panga mawe ndani ya sinia, weka boksi juu yake, kisha subiri dakika 15 maji yatulie kabisa. Usiharakishe hapa. Maji yanayoyumba yatakuchorea mikondo isiyokuwepo na wanafunzi wataamini walichokiona. Simamisha chupa moja ya barafu kila mwisho wa boksi. Mimina maji ya moto kwenye sinia, ya nyuzi 60 hivi, hadi yaguse kitako cha boksi. Dondosha punje tano au sita za pamanganeti sakafuni, zikiachana kwa urefu wa boksi. Piga magoti ili macho yawe usawa wa maji, na mtu ashike karatasi nyeupe upande wa pili.

Baada ya dakika mbili tatu nyuzi za zambarau zitaanza kutambaa sakafuni kutoka kwenye chupa zote mbili kuelekea katikati, zikutane, zipande, kisha zigawanyike juu na kurudi kwenye chupa. Pale zinapopandia ndipo ukanda mvua wako. Weka alama ya kalamu ya wino mzito kwenye ukuta wa boksi.

Sasa toa chupa moja polepole, kwa kuivuta wima. Badili maji ya sinia kama yamepoa. Mahali pa kupandia patahama kuelekea upande uliokosa barafu, na mwisho mzunguko mkubwa mmoja unaweza kutawala boksi zima. Pima umbali kutoka alama ya kwanza.

Yanayoharibu jaribio yanajulikana. Punje zikizidi, maji yote huwa zambarau kabla hujaona kitu. Barafu iliyo wazi, isiyo ndani ya chupa, huelea mpaka katikati na maji yake huchanganyika na mengine. Sinia likikaa karibu na dirisha asubuhi ya Julai, upepo wa Mbeya utapoza upande mmoja na jaribio litaegemea huko. Mshumaa usitumie: huchoma plastiki, tena hupasha nukta moja, na maji yatapandia hapo hapo barafu iwe wapi iwe wapi. Joto lazima lisambae chini nzima ili mahali pa kupandia pawe huru kuhama.

Waambie wanafunzi pia kile ambacho beseni halina. Halizunguki kama dunia, na maji yake hayafanyi mawingu. Linaonyesha upande wa kuhamia, basi. Kwa umbali wa kuhama tunahitaji kalamu.

Hesabu ya kalamu

Dunia nzima ina mita za mraba trilioni 510, na kizio kimoja ni trilioni 255. Sehemu ya kizio iliyo juu ya latitudo 60 hupatikana kwa 1 kutoa sine ya 60, yaani 0.134. Zidisha kwa 255: mita za mraba trilioni 34.

Tuseme kupotea kwa barafu kumeongeza wati 10 kwa kila mita ya mraba katika eneo lote hilo. Kiwango hiki kinazidi kile kilichopimwa tangu setilaiti zianze kuhesabu barafu mwaka 1979, nasi tumekichukua kwa makusudi ili tupate kikomo cha juu. Trilioni 34 mara 10 ni wati trilioni 340, ambazo ni petawati 0.34.

Gawa kwa 2. Wengi huisahau hatua hii. Upande mmoja ukizidi kwa 0.34 na mwingine ukibaki ulivyo, kusawazisha kunahitaji nusu tu ivuke ikweta: petawati 0.17.

Kwa kila petawati 1 inayovuka ikweta hewani, ukanda huhama kwa digrii 3 hivi za latitudo. Uwiano huu unatoka kwenye safari ya ukanda wenyewe ya kila mwaka, unapopanda na kushuka kufuata jua. Basi 0.17 mara 3 ni digrii 0.51, na kwa kilomita 111 kila digrii tunapata kilomita 57 hivi. Ni pungufu ya umbali wa Mbeya hadi Tukuyu kwa barabara.

Tuzigeuze kuwa siku, maana mkulima wa mahindi hapandi kwa kilomita. Upande wetu wa Afrika, ukanda huteremka kutoka karibu na latitudo 15 kaskazini katikati ya Agosti hadi karibu na 12 kusini katikati ya Januari. Hizo ni digrii 27, kilomita 3,000, kwa siku 150: kilomita 20 kwa siku. Ukanda uliosogea kilomita 57 kaskazini utafika Mbeya siku 3 baadaye na kuondoka siku 3 mapema.

Siku tatu kila mwisho, na hicho ni kikomo cha juu. Hesabu imeiacha bahari pembeni. Mwaka 2005 John Chiang na Cecilia Bitz walionyesha kwa modeli ya kompyuta kwamba barafu ikiongezwa katika kizio kimoja, ukanda hukikimbia kizio hicho. Modeli yao ilikuwa na bahari isiyotembea. Wengine walipoweka bahari yenye mikondo, sehemu kubwa ya joto la ziada ilivushwa na maji, hewa ikabakiwa na kazi ndogo, na mhamo wa ukanda ukapungua sana. Hivyo mtu akikuletea ramani ya modeli, swali la kwanza ni kama bahari yake inatembea.

Matope ya Ziwa Nyasa

Msukumo ukiwa mkubwa, alama yake haijifichi. Kati ya miaka 12,900 na 11,700 iliyopita kaskazini ya Atlantiki ilirudi kwenye baridi kali. Katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, mbele ya Kyela, upepo wa kaskazini husukuma maji ya juu kwenda kusini, maji ya chini yenye rutuba huibuka, na mwani wa daiatomu huzaliana. Maganda yake ya silika huzama na kubaki kwenye matope. Matope ya kipindi kile yana silika nyingi: kaskazi ilivuma zaidi, ishara kwamba ukanda ulikuwa umesukumwa kusini. Ziwa Masoko huko Rungwe nalo limetunza matope ya miaka 45,000 hivi.

Usichukue matope hayo kama utabiri wa msimu ujao. Yanathibitisha mwelekeo wa msukumo, lakini kwa baridi kubwa iliyodumu zaidi ya miaka elfu moja.

Data

Unahitaji safu nne. Ya kwanza ni joto la vizio kutoka NASA, jedwali la GISTEMP, faili za kila mwezi za kaskazini na kusini. Penye data pungufu wameweka nyota. Zifute uache wazi, la sivyo Excel itazisoma seli hizo kama maneno na hesabu itagoma. Ya pili ni barafu ya bahari kutoka NSIDC, kituo cha Marekani cha data za theluji na barafu. Chukua safu iitwayo *extent*. Ile ya *area* ina mruko wa mwaka 1987 uliosababishwa na setilaiti mpya iliyoona karibu zaidi na ncha. Desemba 1987 na Januari 1988 zina pengo lililoandikwa −9999. Ukiliingiza kwenye wastani utapata bahari yenye barafu hasi. Ya tatu ni mvua ya CHIRPS, makadirio yanayounganisha setilaiti na vipima mvua, inayoanza 1981. Ya nne ni viashiria vya El Nino na vya joto la Bahari ya Hindi, vya kila mwezi.

Mvua isichukuliwe kwenye nukta moja. Mlima Rungwe unakamua mawingu upande wa Tukuyu, panapopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Usangu nyuma yake haifikishi nusu ya hizo. Chukua wastani wa mraba wa latitudo 7 hadi 10 kusini na longitudo 33 hadi 36 mashariki. Mraba huo una Mbeya, Iringa, Makambako na Njombe.

Jumlisha mvua kuanzia Novemba hadi Aprili na uupe msimu jina la mwaka unaoishia. Msimu wa Novemba 1981 hadi Aprili 1982 ni 1982, na barafu inayoutangulia ni ya Septemba 1981. Hapa ndipo kosa la kuteleza mstari mmoja hutokea, na halionyeshi dalili yoyote: kompyuta itakupa jibu zuri la swali ambalo hukuuliza. Andika safu mbili za miaka pembeni, mwaka wa barafu na mwaka wa msimu, uzikague kwa macho mpaka chini. Kutoka 1982 hadi 2021 utakuwa na misimu 40.

Kisha toa kizio cha kusini kwenye kizio cha kaskazini, mwezi kwa mwezi, na uchukue wastani wa Novemba hadi Aprili. Safu hiyo ya tofauti ndiyo mizani yako.

Kabla ya kutafuta uhusiano wowote, ondoa mwelekeo wa muda mrefu katika kila safu. Kama miaka iko A2 hadi A41 na mvua B2 hadi B41, andika =B2-FORECAST(A2,B$2:B$41,A$2:A$41) na uivute chini. Usipofanya hivyo, chochote kilichoongezeka tangu 1981 kitaonekana ndugu wa damu wa barafu inayopungua. Idadi ya bajaji za Mwanjelwa ingekupa uhusiano wa kutisha na bahari ya Aktiki.

Halafu ondoa El Nino na Bahari ya Hindi. Kwa =LINEST pima mvua dhidi ya viashiria hivyo viwili kwa pamoja, na uendelee na mabaki, yaani sehemu ya mvua ambayo viashiria hivyo havikuieleza. El Nino huleta mvua nyingi pwani na kaskazini mwa nchi wakati wa vuli, lakini mkono wake huku kusini ni dhaifu. Usiazime maelezo ya Dar es Salaam kwa msimu wa Mbeya.

Sasa tumia =CORREL kati ya mabaki ya mvua na safu ya tofauti ya vizio. Kwa misimu 40, uhusiano ulio chini ya 0.31, uwe chanya au hasi, hautofautiki na bahati kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 5. Ukijaribu miezi sita, maeneo matano na barafu za aina mbili, umefanya majaribio 60, na kwa bahati tupu yapata matatu yatavuka kizingiti hicho. Andika mapema ni jaribio gani moja unalitegemea.

Ukitaka tarehe za mwanzo wa mvua badala ya jumla, tumia kanuni moja na usiibadilishe katikati: kuanzia Novemba 1, siku ya kwanza ambayo ndani ya siku 3 mvua imefika milimita 20, na siku 30 zinazofuata hazina ukame wa siku 10 mfululizo. Kanuni isipokuwa na hilo sharti la pili, mvua ya kudanganya ya Novemba itahesabiwa kuwa ya kupandia. Tatizo ni kwamba CHIRPS msingi wake ni jumla za siku tano tano, ambazo hugawanywa kuwa siku baadaye. Unatafuta siku 3 kwa rula yenye alama kila baada ya siku 5. Tena hukadiria mvua kwa ubaridi wa vilele vya mawingu, hivyo manyunyu ya mawingu mafupi kwenye miteremko ya Rungwe huipita.

Dawa ni madaftari ya kipima mvua. Misheni, shule na mashamba ya chai ndiko pa kuuliza. Kagua mambo matatu. Kipimo husomwa saa 3 asubuhi, kwa hiyo mvua ya usiku inaweza kuwa imeandikwa siku ya pili. Kurasa za zamani ni za inchi, zidisha kwa 25.4. Na sufuri: siku isiyo na mvua huandikwa 0, lakini siku ambayo msomaji alikuwa likizo nayo huandikwa 0. Mwezi wa Januari wenye sufuri kuanzia tarehe 1 hadi 31 Tukuyu si ukame, ni likizo.

Mvua ikikataa kusema, tazama upepo. Data za ERA5, rekodi ya hali ya hewa iliyojengwa upya kwa modeli na vipimo, zina upepo wa kila kimo. Wanafunzi hukimbilia kimo chenye mgandamizo wa hewa wa hektopaskali 850 kwa sababu ndicho hutumiwa sana, ila kimo hicho kiko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya mjini ni mita 1,700. Upepo unaosomewa hapo uko chini ya ardhi, umebuniwa na modeli. Kwa Nyanda za Juu tumia 700, iliyo karibu na mita 3,100. Kwa upepo unaovuka ikweta toka nje ya bara kabisa: chukua sehemu ya kaskazini-kusini ya upepo wa mita 10 juu ya Bahari ya Hindi, longitudo 45 hadi 60, kwenye ikweta. Huko upepo hausomewi chini ya ardhi.

Njia ya haraka, kutoka kusini

Mizani ya vizio huenda polepole. Kuna njia nyingine ambayo latitudo za juu hutufikia kwa siku chache, na kwa mkulima wa viazi ina uzito zaidi. Kati ya Juni na Agosti mgandamizo mkubwa wa hewa hupita kusini mwa Afrika Kusini kwenda mashariki, na hewa baridi ya bahari ya kusini husukumwa kaskazini kupitia Mlango wa Msumbiji. Kusi hupata nguvu, ukungu hukaa Mufindi na Njombe, na anga likifunguka usiku sakitu huanguka Kitulo.

Kulifuatilia ni rahisi. Fungua kila asubuhi ramani ya mgandamizo wa usawa wa bahari. Mgandamizo mkubwa ukipita Durban na mkono wake ukapanda pwani ya Msumbiji, andika tarehe. Weka kipimajoto shambani sentimita 5 juu ya ardhi, kisifunikwe, na ukisome kabla jua halijachomoza. Kile cha mita 1.5 ndani ya kibanda kinaweza kuonyesha nyuzi 3 au 4 wakati majani ya chini yameganda tayari. Msimu mmoja wa tarehe hizo utakupa idadi ya siku kati ya ramani na baridi ya shamba lako.

Haya usiyachanganye kwenye jedwali la Novemba hadi Aprili. Na jedwali hilo likitoa uhusiano wa 0.1, liandike hivyo hivyo, pamoja na idadi ya misimu na zile siku 3 za kalamu. Msimu huku hutofautiana kwa wiki mbili tatu kati ya mwaka na mwaka, na misimu 40 ni michache mno kuitoa siku 3 humo.